Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nakala zilikuwa kumi na tisa.
Kila moja na namba yake, kwa wino wa bluu, pembeni juu.
Kila mheshimiwa alitia sahihi alipopokea,
akatia tena aliporudisha.
Nilizihesabu mara mbili,
nikazifungia kwenye kabati la chuma ghorofa ya pili,
dirisha linalotazama Viwanja vya Karimjee,
ufunguo nikauvaa shingoni kama hirizi.

Kanuni ni fupi, hata mtoto angeikariri:
taarifa ya kamati ni mali ya Bunge
mpaka siku itakapowekwa mezani.
Kabla ya hapo haijazaliwa,
na mkunga hatangazi mimba ya mtu.

Jioni nilirudi Kigogo.
Zamoyoni alikuwa barazani akishona mashati ya shule,
pini tatu mdomoni,
nyuma yake ukuta wenye X nyekundu
waliyoichora watu wa barabara mwaka juzi.
Ameipaka chokaa mara nne. Mvua ikinyesha, inarudi.
"Karani," akaniita, pini zikiwa palepale,
"fidia yetu imeandikwaje huko?"
Nikasema joto la leo limezidi.
"Limezidi," akasema.
Cherehani ikaendelea.

Imeandikwa ukurasa wa arobaini na moja.
Niliuchapa kwa vidole hivi:
nyumba zilizopimwa, mia mbili na sita;
nyumba zilizolipiwa, mia tatu na kumi.
Mwenye nyumba mmoja amezikwa Kinondoni
tangu mwaka ule wa mafuriko,
na sahihi yake ni nzuri kuliko yangu.
Na mbele ya jina la Zamoyoni binti Kondo
neno moja, kwa herufi kubwa:
AMELIPWA.

Shemeji yangu Mwarami alikuja na bahasha.
"Ukurasa mmoja tu. Piga picha kwa simu, basi."
Bahasha ilikuwa nene.
Sikukataa kwa ushujaa.
Nilimkumbuka Delfinus, yule mpimaji kijana,
siku alipoitwa kutoa ushahidi,
shati limemgandia mgongoni,
akauliza mara tatu: mlango umefungwa?
Mwenyekiti akamjibu, umefungwa.
Mimi ndiye niliyeufunga.

Ijumaa Zamoyoni aliniletea bakuli la kunde za nazi.
Hakuuliza kitu.
Nilizila zote, nimesimama, jikoni, gizani.

Kisha kamati ikaenda Dodoma,
rasimu ya tano ikawa ya sita, ya sita ikawa ya nane,
na ya nane iliporudi Dar es Salaam kupigwa chapa
nilifungua moja kwa moja nilipopajua.
Sentensi moja. Na chini yake weupe mtupu:
*Kamati inashauri Serikali iendelee kuzifanyia kazi
changamoto za fidia.*
Changamoto.
Neno hilo hufunika kama shuka la hospitali,
miguu tu ndiyo inayobaki nje.
Zile nakala kumi na tisa niliagizwa kuziteketeza.
Mashine ilizitafuna, zikatoka kama tambi.
Nikatia sahihi kwamba nimeshuhudia.

Alhamisi taarifa iliwekwa mezani.
Sasa ni ya kila mtu, anayetaka achukue.
Nilimpelekea Zamoyoni nakala, mkono kwa mkono.
Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
akafika arobaini na moja, akageuza upande wa pili,
akarudi.
"Hii ndiyo siri uliyonificha miezi saba?"
"Ndiyo hii."
Ruhusa ninayo, ya kusema kila kilichomo.
Ninachokijua hakimo.

Aliipima karatasi kwa dole gumba, ukingoni,
kama anavyopima kitambaa.
Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo:
ni ngumu, akasema, itafaa
kukatia vielelezo vya kola.
Nikamwachia.